Safari Niliyoiahirisha

Asanteni kwa kusimama nasi tulipomzika Babu mwezi uliopita. Wengi mlichanga, wengine mkasafiri usiku kucha hadi Vihiga. Bwana awalipe. Leo nina neno ambalo sikuweza kulisema pale kaburini.

Babu yangu mzaa baba alipenda safari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliajiriwa na reli akiwa kijana, akahudumu katika behewa la chakula kati ya Mombasa na Kampala. Sisi wajukuu tulijua majina ya stesheni kabla ya kujua kuzidisha: Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Na kila stesheni ilikuwa na mtu wake. Voi kulikuwa na mama aliyemuuguza malaria. Tororo kulikuwa na fundi wa cherehani aliyemshonea suti ya harusi kwa mkopo. Hata baada ya kustaafu, Babu aliendelea kupanda basi kwenda kuwajulia hali, mkoba mmoja mkononi na kuku chini ya kiti.

Kati ya hao wote, aliyekuwa naye kama chanda na pete ni mwenzake wa kazi kutoka Moshi. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka. Babu akangoja. Mpaka ulipofunguliwa mwaka wa 1983, alipitia Taveta akafika Moshi na zawadi alizokuwa amemwekea rafiki yake miaka yote hiyo. Akaonyeshwa kaburi.

Tangu siku hiyo, Babu hakuahirisha tena kumtembelea mtu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye kidonda changu. Treni mpya ya Mombasa ilipoanza mwaka wa 2017, Babu aliniomba jambo moja tu: nimpeleke akaone bahari tena. Nikasema ndiyo. Kisha kukawa na kongamano. Kisha ujenzi wa kanisa. Kisha mfungo wa siku 21. Mara ya tatu nilipompigia simu kuahirisha, alicheka akasema, "Mchungaji, mimi nilizuiwa na serikali. Wewe umezuiwa na nini?"

Nilicheka pia. Miaka ikapita. Nilipopata nafasi, magoti yake hayakuweza tena kupanda ngazi.

Kwenye mazishi, wahubiri walimfananisha na Ibrahimu, aliyeitwa akatoka bila kujua aendako. Ni sawa. Lakini mimi usiku ule nilifungua Matendo ya Mitume 15:36. Pale Paulo anamwambia Barnaba warudi kila mji walikohubiri, wakawatazame ndugu na kujua hali zao. Paulo alikuwa na kazi nyingi kuliko mimi, na barua alijua kuandika. Bado alitaka kwenda mwenyewe.

Mpendwa, siku hizi tumezoea kutuma. Tunatuma pesa kwa M-Pesa, tunatuma salamu kwa WhatsApp. Usiache, maana wazee wanahitaji dawa na chakula. Lakini Mungu wetu hakuishia kutuma manabii. Soma Yohana 1:14: alivaa mwili, akaja mwenyewe kukaa katikati yetu. Upendo wake ulifunga safari.

Leo hakuna aliyefunga mpaka kati yako na mama yako. Hakuna aliyefunga barabara ya kwenda kwa yule ndugu mliyekosana kwa ajili ya shamba. Unamjua yule ambaye kila mara unamwambia "nitakuja." Nenda. Na kama ibada yetu ya Jumatano ndiyo inayokuzuia, mchungaji wako amekuruhusu. Nenda kwa mzazi wako, utuletee ushuhuda Jumapili.

Mimi nimeanza. Baba yangu ana miaka 69 na hajawahi kuiona bahari ambayo Babu alimsimulia maisha yake yote. Ijumaa ijayo nampeleka Mombasa. Tiketi nimeshakata.

Tuombe: Baba, utusamehe kwa safari tulizoahirisha. Wafariji wote wanaolia kwa kuchelewa. Kwa wale ambao bado wana nafasi, wape nauli, wape moyo, wafikishe salama. Katika jina la Yesu. Amina.

Je, ni nani utakayemtembelea kabla ya mwezi huu kuisha? Niandikie hapa chini, nikuombee safari njema. Ubarikiwe. 🙏