Staa Akichechemea, Komenti Zote ni "Bia Hizo"!

Wadau, yule msanii wa Bongo Fleva, simtaji, mnamjua wenyewe. Kwenye klipu ya wikiendi anashuka jukwaani mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili, anachechemea. Amepigwa komenti mpaka huruma. "Bia hizo." "Kitimoto kimejibu." "Kula bata kuna bei yake, kaka."

Mimi si daktari na sijampima mtu. Ila nyumbani kwetu komenti za aina hiyo tunazijua.

Mjomba wangu ana gauti, ile ambayo kamusi inaiita jongo. Ilimshika usiku kwenye dole gumba la mguu, likavimba, likawa la moto, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Na mjomba hajaonja bia maisha yake yote. Swala tano, Ijumaa hakosi. Mtaa ulishaamua kwamba anakunywa kwa kificho, na maneno yakamfikia mke wake. Basi akajificha. Akawa ananunua diklofenaki duka la dawa, anameza kimya kimya, miaka sita. Vidonge hivyo vikitumika ovyo vinaumiza figo, na figo ndizo zenye kazi ya kuitoa ile asidi inayoleta gauti. Umeuona mtego? Leo figo zake haziko sawa.

Sasa sayansi kidogo, msikimbie. DNA yetu imejengwa kwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo vina kitu kinaitwa purini. Seli zikichakaa, purini inavunjwa na kuishia kuwa asidi ya yuriki. Ng'ombe, paka na panya wanaenda hatua moja zaidi: wana kimeng'enya, yurikesi, kinachoigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, ambayo inayeyuka kirahisi na kutoka na mkojo. Jeni yenye maelekezo ya kutengeneza yurikesi inaitwa UOX. Na sisi tunayo, iko kwenye kromosomu ya 1, ila imekufa. Maelekezo yake yamekatika katikati. Sokwe na gorila nao hivyo hivyo. Ilizimika kwa mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hata bia haijabuniwa!

Kwa hiyo aliyeandika "bia hizo" na aliyeandikiwa wote wana UOX mfu. Asidi ikizidi kwenye damu inaganda kuwa vijiwe vyembamba kama sindano ndani ya maungio, na dole gumba ndilo linaloumia mara nyingi kwa sababu liko mbali na lina ubaridi.

Bia inachangia, sikatai. Maini pia, na soda zenye sukari nyingi. Dagaa nao, jamani, mboga ya mtu wa kipato cha chini, halafu bado tunaita ugonjwa wa matajiri. Lakini karibu theluthi mbili ya asidi hiyo mwili unaitengeneza wenyewe, hata ukila mchicha. Nani aumwe na nani apone inategemea sana figo zako, umri, uzito na jeni nyingine ulizorithi.

Na dawa ipo. Alopurinoli inazuia asidi isitengenezwe kwa wingi. Gertrude Elion na George Hitchings, waliokuwa nyuma ya dawa hiyo na nyingine nyingi, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 pamoja na James Black. Inamezwa kila siku, hata siku ambazo huumwi, na daktari ndiye anakuanzishia kidogo kidogo. Mwaka 2010 Marekani wakaidhinisha hadi sindano yenye yurikesi yenyewe, yaani mtu anarudishiwa kile ambacho mababu walipoteza.

Mjomba sasa anameza alopurinoli, kwa dozi inayoendana na figo zake. Daktari anataka asidi ishuke chini ya 6, na kipimo cha mwisho kilisoma 5.8. Shangazi alikibandika kile cheti ukutani sebuleni, kila mgeni akisome.

Watu wa karibu na yule msanii wananiambia anagoma kwenda kupima, anaogopa kupigwa picha mlangoni. Kaka, ni damu kidogo tu. Ingia hata mlango wa nyuma.