Ng'ambo ya Ghuba kwa Matatu Iliyostaafu

Sisi wa Manyatta, Kisumu, tunaijua Nyanza Kusini kwa matanga. Ijumaa jioni basi linapakia pale Kona Legio, jeneza linafungwa vizuri, kwaya inaimba mpaka koo zinakauka, na kabla hakujapambazuka mmefika Gwasi, Karachuonyo au Kanyamwa. Jumamosi mnazika na kula mkiwa mmesimama chini ya hema, na Jumapili jua linazama mkiwa Kondele mnachagua sukuma wiki. Mwulize jirani yangu Mbita iko vipi. Atakwambia ni nani alizikwa huko na matope yalikuwa mengi kiasi gani. Vilima havijui, maana alivipita usiku.

Mwaka huu mimi na mume wangu tuliamua kwenda bila kufiwa. Shemeji yangu alikuwa na Nissan iliyokuwa ikibeba abiria 14 kati ya Kondele na mjini mpaka sacco ikaichoka. Fundi wa jua kali wa Kibuye aling'oa viti vya nyuma, akaunda kitanda cha mbao chenye nafasi ya vyombo chini yake, akapiga misumari ya kutundikia neti. Tukatia godoro, meko na jerikeni mbili za maji. Wazungu wana magari ya namna hii tangu Volkswagen ilipoanza kuyauza miaka ya 1950, na huko Uingereza familia nzima hujifungia ndani ya moja na kwenda kuzurura mashambani wiki mbili. Kwetu gari ambalo mtu hulala ndani yake ni ambulensi, au lile lingine. Ndiyo maana majirani walitutazama kwa huruma tulipokuwa tunapakia.

Tulishika barabara ya Bondo kupitia Kisian. Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa la Seme lililo kilomita 29 hivi kutoka Kisumu, tulisimama kwa dakika chache tu, maana kila mtoto wa shule wa Kisumu ameshapelekwa huko na kusimuliwa habari za mzee aliyependa kukaa kwenye mawe yale kila asubuhi, mpaka mkewe akawa anasema ameenda kwa mke wake wa kwanza. Waumini wa Legio Maria walikuwa wakisali pangoni. Tukawaacha na sala yao.

Kilichotubadilishia safari ni mstari wa manjano. Tulikuwa tumeupaka rangi, lakini mstari wa matatu haufi upesi, na kila kituo watu walitupungia mkono. Pale Holo mama mmoja mwenye beseni alituuliza, "Kotieno ngapi?" Mume wangu akaanza kumweleza kwamba hii si matatu tena. Hakumaliza, mama alikuwa ameshafungua mlango na kuketi kitandani. "Mlango bado inafunguka," alisema, na huo ukawa mwisho wa mjadala. Tangu hapo tulibeba kila aliyetusimamisha, bila nauli, na wao wakatulipa kwa maelezo. Wapi pana kivuli. Kisima kipi kina maji matamu. Chifu gani ni mkali. Kitabu cha watalii hakikuandikwa kwa watu wenye beseni.

Kutoka Ndori barabara inashuka kupita Asembo hadi Luanda Kotieno, na hapo unapanda feri kwenda Mbita. Ni safari ya saa moja hivi, na naiona kuwa saa bora kuliko zote katika mkoa mzima wa zamani wa Nyanza. Feri inakata mdomo wa Ghuba ya Winam. Kushoto kwako ghuba inarudi ndani kuelekea Kisumu, huku Mlima Homa ukisimama peke yake. Kulia ziwa linafunguka, Rusinga mbele na Mfangano nyuma yake, kisha maji matupu. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili la kilomita za mraba 68,800, na ukiwa Dunga, kwetu Kisumu, ukitazama gugumaji lililokwama, unaweza kuamini kwamba sehemu yetu ni dimbwi. Katikati ya mdomo wa ghuba huamini hivyo tena. Chini, kwenye sitaha, kulikuwa na kreti za soda, magodoro, mbuzi aliyefungwa kwenye pikipiki, na lori la saruji ambalo dereva wake alilala chini yake kabla hatujang'oa nanga.

Yule mama wa beseni alikuwa wa Rusinga. Alitupitisha kwenye daraja, lile lililochukua nafasi ya tuta la mawe lililokuwa limeziba mkondo kati ya kisiwa na bara, na akaonyesha furaha ya pekee kwamba sasa maji yanapita na mashua nazo zinapita. Kisha akatupeleka kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya ufuo, kwa kuwa hapa huegeshi tu ukalala kama mwizi.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye koti zito mchana wa jua kali. Alizunguka gari, akachungulia ndani, akabonyeza godoro.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "hii ina kitanda?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mke wako atalala humo, na kupika atapika humo?"

"Ndiyo."

"Basi ni nyumba. Kaka yako mkubwa ameshajenga?"

Watu wote wa ufuoni walicheka, lakini swali lilikuwa na kiini. Kwa Mjaluo mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na hakuna aliyewahi kuamua sheria inasemaje kuhusu nyumba yenye magurudumu manne. Mume wangu akaapa kwamba kaka yake ana nyumba ya mabati mapya huko Alego, na sola juu. Mzee akaridhika, akatuonyesha mahali chini ya mkuyu.

Tulikaa Rusinga kuliko tulivyopanga. Usiku usio na mwezi wavuvi wa omena wanaingia majini na taa zao, na kwa kuwa sauti husafiri vizuri juu ya maji, ukiwa kitandani unawasikia wakitaniana, wakilalamikia betri, wakipiga simu kuulizia bei ya Mbita kabla hata ya kuvuta wavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi hiyo inasimama, kwa sababu omena hawaifuati taa. Asubuhi wanawake wanatandaza samaki hao juu ya nyavu kuukuu, fedha tupu kutoka njia mpaka majini, na wanunuzi wanapita na gorogoro zao wakijifanya hawajapendezwa. Furukombe wanalia juu ya miamba. Nimeoga bahari ya Diani na ya Nyali. Sijaona ufuo wa kuushinda huu saa kumi na mbili asubuhi, na wa kwetu haukodishwi viti.

Kaburi la Tom Mboya liko hapo hapo kisiwani, na kwa mara ya kwanza nilisimama mbele yake bila umati. Jengo lenyewe lina umbo la risasi. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, na wazazi wetu bado wanasimulia msafara uliomleta nyumbani kuliko wanavyosimulia maisha yake. Lakini ukizunguka ndani unakumbushwa mtu aliyekuwa hai sana: mratibu wa vyama vya wafanyakazi, kijana mtanashati, mtu aliyeomba nafasi za masomo na nauli za ndege Marekani ili wanafunzi wa Afrika Mashariki waanze kupelekwa vyuoni mwaka 1959.

Juu ya vilima vya kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la nyani-mtu wa kale aliyeitwa Proconsul, wa miaka ipatayo milioni 18. Majivu ya volkano ya Kisingiri, ambayo mabaki yake ni vilima vya Gwasi unavyoviona ng'ambo, ndiyo yaliyoifunika mifupa na kuihifadhi. Watoto waliotupandisha huko wanajua kutofautisha kisukuku na jiwe kwa kukitazama tu. Mimi nilishindwa kila mara, nao hawakuficha kicheko.

Mfangano, yenye michoro ya kale ya miambani na wazee wanaozungumza Kisuba, tuliiacha kwa makusudi. Ni kisiwa kinachotaka safari yake.

Bonde la Lambwe linaanza nyuma ya vilima vya Gembe, na ndani yake mna Hifadhi ya Ruma, kilomita za mraba 120 za nyasi ndefu. Hapa ndipo mahali pekee nchini walipobaki korongo, wale swala wakubwa wenye nyuso nyeupe na nyeusi kama waliovaa barakoa. Bonde lilibaki bila watu kwa sababu ya mbung'o, na mbung'o bado wapo: gari likitembea tu wanalifuata, na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi inaning'inia kando ya njia. Tuliendesha madirisha yamefungwa, tukitoka jasho, tukaona twiga wengi na korongo watatu mbali. Ilitosha.

Thimlich Ohinga nayo, kusini zaidi katika Kaunti ya Migori, ni kuta za mawe zilizopangwa bila tone la udongo wala saruji, nyingine zikifika mita 4.5, zenye umri wa miaka 500 hivi. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi, hivyo kila mgeni huingia ameinama, na waliomo ndani walipata nafasi ya kuamua kama wanampenda. Siku tuliyokwenda hapakuwa na mgeni mwingine. Tulikaa juu ya jiwe tukala mihogo ya kuchemsha.

Tulirudi kupitia Homa Bay na Kendu Bay. Karibu na Kendu kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi, la kijani, ndani ya shimo la volkano. Wenyeji wanasema palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee usiku wa mvua, kikazama chote isipokuwa nyumba ya mwanamke aliyemkaribisha. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, aliiandika hadithi hiyo kwa Kidholuo mwaka 1983. Flamingo walikuwa wachache. Tulimpa lifti bibi mmoja hapo, na nakiri tulimkaribisha haraka kuliko kawaida.

Ukitaka kwenda, epuka Aprili na Mei, kwani udongo mweusi wa Lambwe humeza magurudumu. Saa za feri ziulize siku moja kabla. Zima taa za ndani jioni, la sivyo nzi wa ziwani watakulia ugali. Mafuta jaza Mbita au Homa Bay, kwa sababu kati ya Ruma na Thimlich utauziwa petroli ya chupa, na bei yake anaijua muuzaji peke yake.