Gita ya Ubao, Nayo ni Mila Yetu

Watu wengi wakisikia neno "mila", wanafikiri tu vitu vya zamani: ngoma ya ngozi, nanga, likembe, mavazi ya wazee. Ni kweli, lakini haitoshi. Sisi tunaofundisha fizike katika sekondari huku Masisi, pamoja na wenzetu wa Walikale, tunaona mila ingine inazaliwa mikononi mwa vijana: gita ya ubao, yenye nyuzi za kebo ya kinga, yenye kulia katika bafle, na siku hizi yenye taa zinazowaka kufuata mlio wake. Tunapenda kueleza namna inavyotengenezwa, na sababu gani tunaomba ihesabiwe kati ya mali ya utamaduni wetu.

Tuanze na wazee. Fundi wa nanga hakuenda dukani. Alichagua mti, akauchonga tumbo kama sahani ndefu, akapitisha uzi huku na huku, kisha akasikiliza. Huko Walikale, mwaka 1956, mzee Shé-Karisi Rureke aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku nyingi mbele ya mtaalamu Daniel Biebuyck, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Vyombo vyake vilikuwa kibuyu chenye mbegu ndani, na kijiti ambacho vijana walikipiga pembeni yake. Vitu vyote hivyo vilitoka karibu na nyumba. Elimu ilikuwa katika mkono na sikio.

Gita ilipofika, mkono ule ule uliipokea. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi gita ya Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi, na dunia ikashangaa. Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake Konono N°1 walitaka likembe isikike katikati ya kelele za mji. Wakatengeneza mikro kwa sumaku za vyuma vya gari vilivyokufa. Sahani yao Congotronics ilitoka mwaka 2004. Kwa hiyo kijana wa Masisi anayefungua redio iliyokufa hafanyi mchezo wa watoto. Anafuata njia ya wakubwa.

Sasa kazi yenyewe. Mwili unachongwa katika ubao wa libuyu kama umepatikana toka Walikale, ama mti wowote mkavu. Fundi wa chukudu ndiye mwalimu mzuri hapa, kwa sababu anajua mti gani unapasuka na mti gani unavumilia. Shingo inawekwa vipande vya spoki ya kinga, na hapa hesabu inaingia. Kama uzi una santimeta 60, tunagawanya kwa 17.8, tunapata karibu 3.4: ndipo spoki ya kwanza inakaa. Urefu unaobaki tunaugawanya tena kwa 17.8, vile vile mpaka ya kumi na mbili, ambayo inaangukia katikati kabisa, santimeta 30. Wanafunzi wenye kulala katika somo la hesabu, siku ile hawalali.

Nyuzi ni za chuma, zinatolewa moja moja katika kebo ya breki. Uzi wa nailoni hauwezi kazi, na sababu yake ni somo zima. Chini ya nyuzi tunaweka sumaku ya spika ya zamani, na juu ya sumaku bobini ya waya mwembamba wa shaba, uliotolewa katika transfo ya redio na kuzungushwa mara elfu kadhaa. Chuma kikitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya bobini. Michael Faraday aliligundua jambo hilo mwaka 1831. Katika taasisi ya ualimu, pale tulipopata diploma yetu, tulilijifunza ubaoni kwa chaki tu. Huku kwetu mwanafunzi analisikia kwa masikio.

Ule umeme ni mdogo sana. Tunaupeleka katika redio yenye bado inaweza kukuza sauti, inayokula batri ya pikipiki. Batri nayo inajazwa na pano ya jua. Kwa taa, hatuchukui umeme wa bobini, maana hauna nguvu ya kufungua transista, inayodai karibu volti 0.6. Tunachukua ule unaokwenda kwenye spika, ambao umeshakuzwa. Tunaupitisha katika rezistansi mpaka mguu wa transista unaoitwa bazi. Transista ni kama mlango: sauti ikipanda, mlango unafunguka, na umeme wa batri unapita kwenye taa ndogo za tochi zilizopangwa ubavuni mwa gita. Sauti ikishuka, mlango unafungika, taa zinazima. Mara ya kwanza kwaya ilipoipiga usiku, mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, mumetia dawa gani mule?" Kijana mwenye kuitengeneza akamujibu kwa heshima: "Hapana dawa, tate. Ni sauti yenyewe inafungua mulango." Akamufungulia kifuniko, mzee akaangalia, akacheka.

Lakini kuna jambo moja linalotuuma roho. Vipande vile vyote vinaunganishwa na bati ya kulehemu, na bati inatoka katika kasiterite. Huko Bisie, katika Walikale, kuna kasiterite tajiri kati ya zote duniani. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, inatoa tantali ya kutengeneza kondensa ndogo za simu na kompyuta. Inakadiriwa kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu 15 kwa mia ya tantali ya dunia. Kijana anachimba jiwe, analibeba mgongoni, anauza kwa kilo, na hajui litafanya kazi gani. Jiwe linazunguka bahari, linaturudilia likiwa redio iliyokufa sokoni. Yule anayelehemu gita yake kwa chuma kilichopashwa katika makala, angalau yeye ameona mwisho wa njia. Akirudi kwenye shimo, anajua anachobeba. Sisi tunaona hiyo ni elimu kubwa kuliko alama za mtihani.

Na elimu hiyo inaweza kupotea. Mwaka 2024 M23 waliishika Rubaya, na mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre hadi Walikale-centre. Watu walikimbia na watoto na sufuria. Gita nyingi zilibaki ukutani, zingine ziligeuka kuni. Chombo kinaweza kutengenezwa tena, kama fundi yuko na kama kuna mtu aliyeandika. Hadithi ya Mwindo iko mikononi mwetu leo kwa sababu mzee alisema na mwingine akaandika. Fundi wa gita ya ubao bado hajaandikwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila siku ya utamaduni, pembeni ya nanga na ngoma, hawa vijana wapewe nafasi na gita zao. La pili, walimu wa fizike na mafundi wa mbao wakae meza moja, wachore na kupima kila gita inayopatikana. La tatu, wazee wanaojua kufunga nanga wawafundishe hawa vijana kusikiliza mti kabla ya kuukata, kwa sababu hilo transista haitawafundisha.

Desturi ni moto wa jikoni: tunautunza kwa kuongeza kuni, na kuni za leo ziko na waya ndani.