Kuta Zilizofika Madirishani

Kila alasiri nirudipo kutoka shuleni hulakiwa na kuta nne za matofali zilizofika kimo cha madirisha zikakoma. Hiyo ni nyumba ya mama yangu. Msingi wake ulichimbwa mwaka 2014, nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, na tangu siku hizo imepanda kwa kadiri ndugu yangu mdogo na mimi tulivyojaliwa: kozi mbili mwaka huu, moja mwaka wa pili, na miaka mingine halikuongezeka hata tofali moja. Mama ametimiza miaka 73. Hulala katika nyumba ya zamani iliyo nyuma, ambayo mabati yake yametoboka, na ndani ya kuta mpya hufunga mbuzi wake.

Aliyepata kusafiri baina ya Mombasa na Nairobi ameuona mji wetu wa Maungu, ingawa yamkini hakuutambua. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu, kilomita 30 hivi kutoka Voi. Madereva wa malori husimama hapo, wakala, wakalala, wakaondoka. Reli ya kwanza ilipita hapa kabla ya mwaka 1900, na ile mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Maji ya chemchemi ya Mzima, yachimbukayo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, yalitiwa katika bomba yapate kwenda kunywewa Mombasa. Lakini maji ya kuchanganyia saruji ya mama huyanunua kwa mtungi. Vitu vingi hupita kwetu; vikaavyo ni vichache.

Vijana nao hupita. Ndugu yangu apakua mizigo bandarini Mombasa, na amepanga chumba kimoja Changamwe kwa shilingi 6,000 kila mwezi. Fedha hizo zingenunua mifuko minane hivi ya saruji. Zamani nilimlaumu moyoni, nikiona kwamba ajenga nyumba ya mtu mwingine na kuacha ya mama yake. Simlaumu tena, maana kazi iko huko, wala haikufika huko kwa bahati. Mwaka 1965 serikali ya Kenya, katika waraka wake maarufu namba 10, iliamua kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza palipo na ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, ambapo zingezaa upesi. Haikuwa hesabu ya kipumbavu kwa taifa changa lenye haja nyingi. Ila pasipo na mvua palikosa mtaji. Palipokosa mtaji pakakosa kazi. Na pasipo kazi kijana hakai. Miaka 45 baadaye, Katiba ya mwaka 2010 iliunda mfuko wa usawazishaji, yaani asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme mahali palipoachwa nyuma. Taita Taveta ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzo.

Husemwa kwamba Kenya ni nchi ya vijana, na ni kweli. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kati ya watu milioni 47.6, waliotimiza miaka 60 au zaidi walikuwa milioni 2.7 tu. Japani, karibu watu watatu katika kila kumi wamefika miaka 65. Lakini kijiji chaweza kuzeeka kabla ya taifa lake. Japani imezeeka kwa uchache wa watoto wanaozaliwa. Njia yetu imezeeka kwa nauli ya basi. Ina nyumba tisa, na katika tano anakaa bibi kizee peke yake, au na wajukuu.

Tangu sheria ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wangu hukatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wangu hutoa kiasi hicho hicho. Sinung'uniki. Kama kodi ya Changamwe ingepungua, labda kuta za Maungu zingepanda. Mama naye hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, ambazo huishia katika chakula na dawa.

Mwaka jana nilimshauri ahamie kwa ndugu yangu. Alinitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akasema, “chumba kile si changu wala si cha ndugu yako. Mwenyewe akikitaka, tutatoka sote wawili.”

Sikuwa na jibu. Mwezi uliopita tulikubaliana, ndugu yangu na mimi, tusiongeze tofali mwaka huu; fedha zote zinunue mabati ya nyumba ya zamani kabla ya mvua za Novemba. Ilituuma, kwani ni kukiri kwamba ile mpya haitaisha karibuni. Mama alikubali bila ubishi, kisha akauliza kama mabati hayo yataweza kung'olewa bila kuharibika, siku kuta zitakapokwisha.