Leseni ya Fundi wa Joto na Baridi

Kazi nyingi za mafundi hujihukumu zenyewe mbele ya macho ya mwenye mali. Mlango uliopinda hauhitaji hakimu. Kiatu kilichoshonwa vibaya humsuta mshonaji siku ya kwanza ya kuvaliwa. Kazi ya kutia joto au baridi katika nyumba haimo katika fungu hilo. Mwenye nyumba huliona sanduku la chuma, husikia mvumo wake, huhisi hewa ikimpiga usoni, akaridhika. Yaliyo ndani, yaani mwali, moshi, umeme na gesi ya kupozea, hayaonwi na jicho lake wala hayapimwi na elimu yake. Fundi amekwenda zake na ujira wake. Kosa, kama lipo, limebaki nyumbani, na yamkini litangoja majira ya baridi ndipo lijidhihirishe. Hapo ndipo serikali hupata udhuru wa kuingia kati ya fundi na mteja wake na kuuliza: Nani amekupa ruhusa?

Jimbo la Texas, katika Marekani, ni mahali pafaapo kulitazamia swali hili, maana huko jibu lake lilinunuliwa kwa thamani kubwa mno.

Katika New London, mashariki ya jimbo hilo, palikuwa na shule iliyotajirika kwa mafuta yaliyochimbwa katika ardhi ya wilaya yake. Ilipojengwa ilikusudiwa ipashwe joto kwa mvuke utokao katika birika kuu moja. Halmashauri ya shule iliukataa mpango huo, ikaweka hita za gesi 72 zilizotawanyika katika jengo zima. Mapema mwaka 1937 halmashauri ilifanya tena hesabu ya kubana matumizi: iliacha kununua gesi kwa muuzaji, na mafundi wakatoboa bomba la gesi ya mabaki lililopita karibu kutoka katika visima vya mafuta. Gesi hiyo ilihesabiwa kuwa taka, na aghalabu ilichomwa hewani tu. Watu wengi wa eneo lile walijichotea vivyo hivyo, na wenye visima wakafumba macho. Akiba iliyopatikana ilikuwa kama dola 300 kwa mwezi.

Gesi asilia haina rangi wala harufu. Ilivuja ikakusanyika chini ya sakafu ya jengo, katika nafasi iliyoachwa wazi, na hapana aliyeijua. Wanafunzi walikuwa wamelalamika kwa siku kadha kuwa vichwa vinawauma; watoto hulalamika daima, na malalamiko yao yalipita. Alasiri ya tarehe 18 Machi 1937 mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao. Cheche moja ilitosha. Wale walioshuhudia walisema kuta zilifura, paa likapaa, kisha vyote vikaanguka juu ya waliokuwa ndani. Waliokufa walikuwa karibu 300, wengi wao watoto.

Uchunguzi ulifanywa, na mashtaka yakafika mahakamani yakatupwa. Hapana mtu aliyetiwa hatiani. Katika jambo hili zima hakuna lisumbualo akili kama hilo, kwa kuwa halikutokana na upendeleo wa mahakimu. Kila mmoja alikuwa amefanya sehemu ndogo iliyoonekana kuwa halali: mmoja alipunguza gharama, wa pili akafunga bomba, wa tatu akanyamaza. Kazi yote haikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na mtu ambaye sheria ilimlazimu kusimama mbele ya jengo lile na kusema, kwa jina lake na kwa hasara yake, kwamba mfumo huu ni salama.

Mwaka huo huo bunge la Texas lilipitisha sheria mbili. Moja iliamuru gesi itiwe dawa yenye uvundo, ili ikivuja ijitangaze hata kwa mtoto. Desturi hiyo ilienea mbali na Texas, na leo gesi ya jikoni inanuka kwa sababu hiyo. Ya pili iliamuru wahandisi waandikishwe, na mtu asiyeandikishwa asijiite mhandisi mbele ya umma. Watu huitaja sana ile ya kwanza na kuisahau ya pili, nayo ndiyo iliyoziba pengo lililoonekana mahakamani. Uvundo husema kwamba pana hatari. Daftari la majina husema ni nani wa kuulizwa.

Leseni ya mkandarasi wa hewa joto na baridi katika Texas ya leo ni mjukuu wa fikira hiyo. Mwombaji hutakiwa kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, kufaulu mtihani, kukata bima ya madhara, na kwa kawaida kuthibitisha miezi 48 ya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni katika miezi 72 iliyotangulia. Daraja A haina mpaka wa ukubwa wa mitambo. Daraja B huishia kwenye tani 25 za baridi, na joto la BTU milioni 1.5 kwa saa. (Tani hii si uzito wa mashine. Ni urithi wa siku za wauza barafu: kiasi cha joto kinachomezwa na tani moja ya barafu inapoyeyuka kwa muda wa saa 24. Biashara ile imekufa, kipimo chake kimebaki.) Nambari ya leseni huandikwa ubavuni mwa gari la kazi, hata mpita njia aweze kuisoma.

Lakini leseni si kibali, na wengi huvichanganya viwili hivi. Leseni hushuhudia mtu. Kibali hushuhudia kazi. Leseni hutolewa na jimbo, nayo humtosha fundi katika Texas yote. Kibali hutolewa na mji kwa nyumba hii na tanuri hili, na nyuma yake huja mkaguzi, mtu mgeni asiyegawana faida na fundi, ambaye huinama, huwasha taa na kutazama. Kati ya viwili hivyo kibali ndicho kidharauliwacho. Ada yake huonekana kuwa kodi ya bure, na siku za kumngoja mkaguzi huwa ndefu nyumba inapokuwa baridi. Kwa hiyo hutokea fundi mwenye leseni halali kutaja bei mbili, moja yenye kibali na moja isiyo nacho, na mwenye nyumba akachagua ya pili akijiona mwerevu.

Anachokiuza mwenye nyumba huyo kwa dola chache ni jicho la pili. Tanuri la gesi lenye bomba la moshi lililofungwa vibaya, au lenye ufa katika chuma kinachotenga moto na hewa ya nyumbani, hupasha joto kama kawaida, na pamoja na joto huweza kutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii nayo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, na kwanza humwumiza mtu kichwa, kisha humtia usingizi. Katika Marekani zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo bila kukusudiwa na bila moto wa nyumba, kutokana na matanuri, magari, jenereta na vyombo vingine vichomavyo. Hii haiwezi kutiwa uvundo kama gesi ya bomba, kwa maana huzaliwa motoni, mle mle ndani ya nyumba. Badala ya uvundo yupo mkaguzi, na king'ora cha ukutani.

Yako pia maneno ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Leseni inaweza kuwa ua wa kuwalinda walio ndani na ushindani wa walio nje. Taarifa ya ikulu ya Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi wa nchi ile walihitaji leseni ili wafanye kazi zao, hali katika miaka ya 1950 waliohitaji leseni za majimbo hawakufika 1 katika 20. Illinois haina leseni ya jimbo zima kwa mafundi wa joto na baridi; huwaachia miji. Fundi hodari asiye na mkandarasi wa kumshuhudia miezi yake 48 hubaki msaidizi wa mtu anayemshinda kwa karatasi tu. Malalamiko yake ni ya haki. Lakini dawa yake ni kumfungulia njia fupi ya mtihani wa kweli, wala si kuuondoa mtihani. Ua usiofaa ni ule uliozungushiwa kazi ambayo mteja mwenyewe aweza kuihukumu kwa macho.

Upande wa baridi una jambo jingine, kwa kuwa huko hasara humruka mteja kabisa. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za kupozea zenye klorini hupanda juu na kuliharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulifuata mwaka 1987. Sheria ya Marekani ya 1990 ilikataza gesi hizo zisiachiliwe hewani, katazo likaanza mwaka 1992; na tangu mwishoni mwa 1994 hapana fundi aruhusiwaye kuufungua mfumo wa gesi hizo bila cheti cha serikali kuu, awe katika Texas au katika Illinois. Mwenye jokofu hapati hasara yo yote gesi ya zamani ikimwagwa uani. Wapatao hasara wako mbali, na hawakumwajiri fundi.

Gesi zilizochukua nafasi yake hazikuila ozoni, lakini zilionekana kuizidisha joto dunia, na Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, wakakubaliana kuzipunguza nazo. Kwa hiyo tangu mwaka 2025 mitambo mipya ya majumbani katika Marekani imekuwa ikihamia kwenye gesi nyingine, kama R-32 na R-454B, ambazo zina madhara madogo zaidi kwa hali ya hewa lakini zinaweza kushika moto kidogo. Cheti cha serikali kuu hakina mwisho wa muda. Fundi aliyefaulu mwaka 1994, wakati gesi aliyoisomea haikuweza kuwaka, angali anacho kadi ile ile mfukoni, na kwa kadi hiyo huuziwa chupa ya gesi inayoweza kuwaka.