Swali la Dawati la Nyuma

Mwaka jana nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mashariki mwa Uganda. Ninasomea ualimu wa Fizikia na Kiswahili, masomo ambayo wenzangu husema hayaendi pamoja. Siku hiyo nilifundisha vipimajoto. Nilieleza jinsi zebaki inavyopanda, nikasema kwamba kipimajoto lazima kiguse kitu mpaka kipate joto lilelile la kitu hicho. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono.

"Mwalimu, kitabu kinasema kuna mashine zenye joto la mamilioni ya digrii. Kipimajoto kitagusaje humo bila kuyeyuka?"

Sikujua. Badala ya kusema hivyo, nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi. Hakuuliza tena hadi nilipoondoka.

Niliporudi chuoni nililitafuta jibu maktabani, kwa sababu ya haya zaidi kuliko ya elimu. Katika mashine hizo gesi ya haidrojeni hupashwa moto hata elektroni zikaachana na viini vyake. Hali hiyo huitwa plazima. Hakuna chuma kinachoweza kukaa humo, basi hutumia mwanga. Mwale wa leza wenye rangi moja tu hupitishwa ndani ya plazima, nazo elektroni huutawanya. Elektroni inayokujia huusogeza mwanga kidogo upande wa buluu, inayokukimbia huusogeza upande wa wekundu. Ni kama honi ya lori kwenye barabara ya Tororo: likija, sauti ni nyembamba, likishapita, inakuwa nzito. Plazima ikizidi moto, elektroni huzidi kasi, na ile rangi moja iliyoingia hutoka imetanuka. Ukipima upana wake umepata joto. (Nakiri hapa nilisoma mara tatu.) Ugumu ni kwamba mwanga unaotawanywa ni kidogo mno, na plazima yenyewe inang'aa. Kwa hiyo leza lazima itoe nguvu nyingi sana kwa kitambo kifupi kuliko kufumba na kufumbua.

Lakini kilichonikamata zaidi ni kisa cha Moscow. Mwaka 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Warusi walitangaza kwamba mashine yao, tokamaki iitwayo T-3, imefikia joto la karibu digrii milioni 10. Wataalamu wengi wa nchi za Magharibi hawakuamini. Walisema vipimo vya Warusi vinaweza kudanganywa na elektroni chache zinazokimbia kupita kiasi, huku zilizobaki zikiwa vuguvugu tu. Kiongozi wao, Lev Artsimovich, angeweza kukasirika. Yeye aliwaalika Waingereza wa maabara ya Culham waje na leza yao wenyewe wapime. Huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi! Waingereza wakasafirisha tani kadhaa za vifaa hadi Moscow, pamoja na leza ya yakuti nyekundu, wakaifunga kando ya T-3. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Novemba 1969: Warusi walisema kweli. Haukupita muda, Wamarekani wa Princeton wakaigeuza mashine yao kubwa kuwa tokamaki.

Nilimfikiria Artsimovich kwa siku nyingi. Yeye alikuwa na jibu sahihi, na bado aliwafungulia mlango waliomtilia shaka. Mimi sikuwa na jibu lolote, na nilimfungia mtoto aliyeuliza.

Likizo iliyofuata nilipita pale shuleni nikiwa na karatasi mbili nilizoandika kwa mkono, na mchoro wa lori na honi yake. Msichana hakuwepo. Jirani yake wa dawati aliniambia amehamia kwa shangazi yake Busia, ila wataonana Krismasi. Nikampa zile karatasi ampelekee. Alizisoma palepale akiwa amesimama, ukurasa wa kwanza kisha wa pili, akarudia mchoro.

"Mwalimu, na haya yamo katika mtihani?"

Nikamwambia hayamo. Akazikunja, akazitia ndani ya daftari lake la Fizikia.