Mawaleh: Nyumba na Fagio Lake

Ukitoka uwanja wa ndege wa Muscat kuelekea magharibi kwa barabara ya Sultan Qaboos, Mawaleh huanza kabla hujakaa vizuri kitini. Wapitanjia huijua kwa jumba la maduka la City Centre, lililofunguliwa 2001, na kwa soko kuu la matunda na mboga, ambalo mwaka 2024 lilihamishiwa Khazaen, huko Barka. Wenyeji huijua kwa nyumba zake: ghorofa mbili, rangi nyeupe au ya maziwa, ukuta mrefu, matangi ya maji juu ya paa. Viwanja vingi ni vya takriban mita za mraba 600, na nyumba huvijaza karibu vyote. Nyuma ya baadhi ya malango hayo huzungumzwa Kiswahili cha Unguja, kilichotunzwa kuliko samani.

Wasemaji wake walifika kwa njia za kuzunguka. Wapo walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wakapitia Dar es Salaam, Cairo au Dubai. Wengi waliingia Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Walipata kazi, wakapata viwanja, na ofisi za wahandisi zikawapa michoro. Michoro hiyo hufanana mno. Majlisi ya wanaume hukaa karibu na lango, ina mlango wake na choo chake. Sebule ya familia huja baadaye, kisha ukumbi wa ngazi ulio wazi hadi dari ya juu, kwa ajili ya taa kubwa ya vioo. Majiko ni mawili, la ndani la kuonyesha na la uani la kupikia. Vyumba vya kulala ni vitano au sita, kila kimoja na bafu lake. Mwishoni, juu ya paa au nyuma ya jiko la uani, mchoraji hupachika chumba chembamba ambacho dirisha lake ni tundu la feni. Hicho ndicho chumba cha mfanyakazi.

Katika mojawapo ya nyumba hizo anaishi mjane wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Malindi, Unguja, mwalimu mstaafu. Watoto wameoa na kuolewa. Kwa miaka sita alikaa na mfanyakazi kutoka Kondoa, mwanamke aliyemwita "mwanangu", naye akimwita "mama". Mkataba ulipokwisha, mwanamke yule alirudi kwao. Ikapita miezi mitano bila mwingine, na mwenye nyumba akabaki na nyumba. Alihesabu kama ahesabuvyo mwalimu, kwa penseli: mabafu saba, madirisha ishirini na sita, viyoyozi kumi na moja, ngazi ishirini na mbili za marumaru nyeupe inayoonyesha kila tone la chai.

Aliyoyajua kwa jina sasa aliyajua kwa mgongo. Vumbi la Mawaleh ni jepesi kama unga. Hupenya hata madirisha yasiyofunguliwa mwaka mzima, likatua juu ya taa kubwa ya vioo, mahali pasipofikika ila kwa ngazi ya fundi. Joto la kiangazi, linalopita nyuzi 40, huambatana na unyevu wa bahari; chumba kilichopozwa usiku kucha hujikuta na ukuta baridi nyuma ya kabati, hewa yenye unyevu ikaugusa ukuta huo, na kuvu ikaota kimya kimya mpaka nguo za Idi zinuke. Mazulia mazito hushika kila kitu: moshi wa udi, harufu ya papa, mchanga wa viatu vya wajukuu. Mwezi wa Juni maji ya tangi la juani huchemka bomba la "baridi" likawa halishikiki, na watu hulazimika kuzima hita ya bafuni ili maji yaliyomo ndani yapoe na yageuke ndiyo maji baridi. Ghuba nzima inaijua hila hii, na pengine hakuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba nyumba ilichorwa pahali pengine, kwa ajili ya jua jingine.

Binti yake, anayekaa mitaa miwili mbele, alikuja na shauri la kuikarabati iwe nyumba isiyosumbua. Bei mpya za umeme zilizoanza Januari 2021 zilikwisha kuwafunza wengi kuvihesabu viyoyozi, kwa hiyo shauri halikuwa geni. Alileta vitabu vya vigae visivyoshika doa na rangi zinazofutika.

"Mama, siku hizi kuna mashine ya kufagia inayojiendesha yenyewe."

"Na hiyo mashine itapanda ngazi, mwanangu?"

Mama alikuwa na nyumba nyingine kichwani. Nyumba ya Malindi ilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizovuta unyevu na kuutoa. Madirisha ya mbao yaliyoukaribisha upepo wa kaskazi na ule wa kusi. Kiwambaza chenye vidaka, hivyo kabati la kuhamisha halikuwepo. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba, upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti la mkoko halivuki zaidi ya hapo. Boriti hizo hizo, zilizokatwa katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, zikaezeka nyumba za huku pia. Kwa karne kadhaa, basi, mti mmoja uliamua upana wa chumba katika pande zote mbili za bahari. Zege na kiyoyozi viliondoa kipimo hicho. Chumba kikawa kipana kadiri mwenyewe awezavyo kulipa, na swali la nani atakipangusa likaahirishwa.

Hapa ndipo kumbukumbu ya Mji Mkongwe inapohitaji kusomwa kwa jicho kavu. Waandishi wa nyumba za Waswahili wameandika kwa mapenzi juu ya milango iliyonakshiwa, madaka na baraza. Juu ya fagio wameandika kidogo. Ubaridi wa nyumba zile ulikuwa na watu wake. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaisimulia Beit al-Mtoni iliyofurika watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, masuria wakaachwa hadi 1909, na huku Oman ukafutwa 1970. Baadaye kidogo sana, majumba ya huku yalianza kujaa watumishi wa mkataba kutoka Asia na kisha Afrika Mashariki. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu: pasi zilizozuiliwa, saa za kazi zisizo na kikomo, mishahara isiyolipwa. Haisemi kwamba kila nyumba ni hivyo. Lakini mchoro wa nyumba hutangulia tabia ya mwenye nyumba: anayechora mabafu saba amekwisha kuamua kwamba kuna mtu atakayeyasugua, na anayempa mtu huyo tundu la feni amekwisha kukadiria thamani ya usingizi wake.

Mjane alikumbuka kwamba nyumbani kwao Malindi palikuwa na mwanamke wa shamba aliyelala kwenye mkeka ukumbini. Alimkumbuka kwa sauti ya fagio la chelewa alfajiri. Jina lake hakulikumbuka. Nyumba nzima ilimwita Yaya.

Mchoro mpya ulichukua wiki nyingi. Ghorofa ya juu itafungwa na kuwa ya wajukuu wa likizo. Muscat iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, jua la Juni husimama utosini, kwa hiyo fedha za kwanza zilikwenda kwenye paa: tabaka la kuzuia joto, na kivuli juu ya matangi. Upande wa magharibi, uliochomwa kila alasiri, utapata kibaraza kipana. Sakafu itakuwa ya terazo ya kijivu isiyosema uongo wala kufichua kila siri. Mazulia hakuna, ila mikeka na miswala. Makabati yatajengwa kwenye kuta za ndani, mbali na zile za nje. Taa kubwa iliuzwa. Jiko litabaki moja, lenye mlango wa uani. Majlisi itaungana na sebule, jambo lililomshtua binti: wanaume watakaa wapi siku ya msiba? Mama alijibu kwamba sabla ya mtaa ipo, na maturubai yapo.

Walichobishania kwa kweli ni chumba cha mfanyakazi. Binti alitaka kifutwe: nyumba ikiwa nyepesi, mtu atakuja mara mbili kwa wiki na kuondoka. Mama alikataa. Magoti yake hayatakua upya, alisema, na siku ikifika atahitaji mtu wa kulala naye nyumbani. Kujidanganya kwenye karatasi hakutamsaidia mtu huyo. Alitaka chumba upande wa kaskazini, upepo wa bahari unakoingilia, chenye dirisha linalofunguka kuelekea mdimu, na komeo la ndani. Mchoraji alieleza kwamba hapo ndipo penye stoo. Stoo ikahamishwa nyuma ya ngazi, na gharama ikapanda.

Jioni hiyo mjane alipiga picha ya mchoro akaituma Kondoa kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kwa sauti, baada ya salamu ndefu na habari za mahindi. Chumba ni kizuri, mama, na dirisha nimeliona. Lakini nguo mtaanika wapi? Binti aliukunjua mchoro mezani na wote wawili wakauinamia. Kamba ya nguo haikuwamo.